Sisadiki, lakini siukati: wiki ya Brigid nchini Ayalandi

Jumanne, 28 Januari 2025. Newgrange

Tumetoka Dublin saa moja asubuhi, giza bado halijapasuka. Gari ni la shoga yangu wa Mombasa. Mimi ni mtu wa Tanga. Sote wawili tunafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na likizo hii tumeiomba kwa pamoja kwa sababu ya deni langu.

Mwaka jana, usiku wa tarehe 31 Januari, bibi mmoja ninayemhudumia aliniomba nimtundikie skafu yake nje ya dirisha. Nilidhani anaweweseka. Nikaipokea, nikaikunja vizuri, nikairudisha kabatini. Asubuhi akaiulizia. Nilipomwambia iko kabatini hakunigombeza, aligeuza tu uso ukutani. Mchana muuguzi mmoja mwenyeji ndiye aliyenieleza: usiku ule Brigid, mtakatifu wa Ayalandi, hupita nyumba kwa nyumba, na kitambaa kinachomngoja nje hupata baraka yake. Kinaitwa brat Bríde, yaani vazi la Brigid. Huwekwa mwaka mzima, kikafungwa kichwani kikiuma au akapewa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Tangu siku ile maneno ya bibi yule hayajanitoka. Safari hii nimemwomba skafu yake, ya pamba, nyeupe yenye maua ya samawati, na nimemwahidi itakesha nje Kildare kwenyewe, mji wa Brigid.

Kabla ya kufika Kildare nilitaka kuona mambo haya yalikoanzia, ndiyo maana tumeanzia Newgrange, ambako kwa Kiayalandi huitwa Sí an Bhrú. Ni kilima kilichojengwa kwa mikono yapata mwaka 3200 KK, kabla ya mapiramidi ya Giza. Kipenyo chake ni kama mita 85, na chini kimezungushiwa mawe makubwa 97. Jiwe la mlangoni limechongwa mizunguko inayoingiliana, na ukiifuata kwa jicho hujui ilipoanzia. Ndani kuna ujia wa mita 19, mwembamba kiasi kwamba nilipita ubavu. Mwisho wake ni chumba chenye dari ya mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine bila saruji, na mvua ya miaka 5,000 haijapenya.

Juu ya mlango kuna kidirisha. Siku chache za Desemba, siku zinapokuwa fupi kupita zote, jua likichomoza kama saa tatu kasoro dakika mbili hupitisha mwale kwenye kidirisha hicho. Mwale hutambaa sakafuni hadi chumbani, ukakaa dakika 17, kisha ukaondoka. Wanaotaka kuwemo siku hizo huchaguliwa kwa bahati nasibu. Sisi tulioneshwa kwa taa: mwongozaji alizima umeme, tukakaa gizani, halafu mstari wa rangi ya dhahabu ukaanza kuja miguuni petu taratibu. Shoga yangu alinishika mkono asiuachie.

Mwanaakiolojia M. J. O'Kelly alikuwa mtu wa kwanza wa zama zetu kuushuhudia mwale huo, tarehe 21 Desemba 1967. Na aliyemfanya akae mle alfajiri ni uvumi. Watu walikuwa wakimwambia kwamba wamesikia kutoka kwa wazee kuwa jua huingia ndani, naye akawa hawaamini sana. Kidirisha chenyewe kilikuwa kimezibwa na udongo. Watu wasiowahi kukiona waliendelea kusimulia habari zake.

Kisa cha mahali hapa ni cha Aengus. Mungu mkubwa Dagda alilala na Bóinn, mke wa Elcmar aliyekuwa bwana wa kilima hiki. Kuficha mimba, Dagda akalisimamisha jua miezi tisa, ikawa kama siku moja tu. Aengus akazaliwa. Alipokua akaja kwa Elcmar, akamwomba ampe nyumba hii kutwa na kucha. Elcmar akakubali, kwani kutwa na kucha ni nini? Kesho yake alipodai nyumba yake, Aengus akamjibu: dunia yote ni kutwa na kucha, hakuna wakati mwingine wowote. Nilimsimulia shoga yangu kwenye gari kwa Kiswahili, na sikuhitaji kumfafanulia. Mtu akikuomba kitu kutwa kucha, umeshakikosa.

Jumatano, 29 Januari. Louth

Mvua ya manyunyu. Tumepanda kaskazini hadi Faughart, kijilima karibu na Dundalk, ambako inasemekana Brigid mtakatifu alizaliwa. Juu kuna magofu ya kanisa, makaburi, na kisima chake. Chini, ng'ambo ya barabara, kuna bustani ya sala inayopitiwa na kijito chini ya miti.

Kandokando ya kijito kuna mawe, na kila jiwe lina kiungo chake. Moja ni la goti, jingine la jicho, jingine la mgongo, jingine la kichwa. Mwenye maradhi huweka pale kiungo kinachomsumbua, akasali. Jiwe la goti lina vibonyeo viwili, na maji ya mvua yalikuwa yametuama ndani. Mzee mmoja alikuja na mkongojo, akavua kofia, akapiga magoti pale pale kwenye maji. Alipoinuka suruali imelowa hadi kwenye mapaja. Tulisalimiana. Nikamuuliza kama anaamini kwamba jiwe litamponya. Akafikiri kidogo.

"Mama yangu alikuwa analeta magoti yake hapa," akasema. "Na mimi nayaleta yangu."

Hakuongeza neno, nami sikumchimba.

Karibu na hapo kuna mti uliofungwa matambara. Kanuni yake ni kwamba kitambaa kikioza, ugonjwa nao unaisha. Nilihuzunika kuona wengi siku hizi wanafunga riboni za nailoni, vizibo vya plastiki, hata barakoa. Nailoni haiozi, na inakaba tawi mpaka likauke. Mwenye kutaka kufunga, na afunge pamba.

Mchana tulitafuta jiwe la Cú Chulainn, Clochafarmore, kwenye shamba karibu na Knockbridge. Limesimama peke yake kwenye nyasi, urefu wa mita tatu hivi, limeinama kidogo. Cú Chulainn ndiye shujaa wa Ulster, yaani kaskazini mwa nchi, kijana aliyelinda mpaka peke yake dhidi ya jeshi la Malkia Medb. Alipochomwa mkuki wa mwisho akajikokota hadi kwenye jiwe hili, akajifunga nalo kwa mkanda wake ili afe wima. Maadui walimzunguka wasithubutu kumsogelea, mpaka kunguru alipotua begani mwake. Hapo ndipo walipojua. Kunguru yule ni Morrígan, mungu wa kike wa vita. Sanamu ya shaba ya kifo hicho, kazi ya Oliver Sheppard ya mwaka 1911, iko Posta Kuu ya Dublin tangu 1935, ukumbusho wa waliopigana humo mwaka 1916 kudai uhuru. Nimeipita mara ngapi nikienda kutuma pesa nyumbani bila kujua yule kunguru ni nani!

Niliweka kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa baridi, na upande wa kaskazini limeota ukoga mnene kama zulia.

Alhamisi, 30 Januari. Rathcroghan

Hii ndiyo siku niliyoiogopa, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Kadiri tulivyoelekea magharibi ndivyo alama za dhoruba zilivyozidi. Ijumaa iliyopita, tarehe 24, dhoruba iliyopewa jina Éowyn iliipiga nchi hii kwa upepo uliopimwa Mace Head, Galway, ukizidi kilomita 180 kwa saa. Nyumba na biashara zaidi ya 700,000 zilikatikiwa umeme. Huku Roscommon, siku sita baadaye, bado tulipita vijiji vyenye madirisha meusi. Misonobari imelala chali, mizizi juu, na udongo mwekundu umening'inia kwenye mizizi. Kando ya barabara watu wamejipanga na ndoo, maana mashine za kuvuta maji ya visima hazina umeme.

Rathcroghan, au Cruachan, ilikuwa makao ya wafalme wa Connacht, yaani magharibi mwa nchi. Sasa ni malisho ya kondoo, na usipoelezwa utapita tu: zaidi ya masalia 200 ya kale, makaburi, maboma na mitaro, yote yamefunikwa nyasi. Hapa ndipo kisa kikubwa cha Táin kinapoanza. Malkia Medb na mumewe Ailill wako kitandani wanalinganisha mali, nani ana zaidi. Wakawa sawa kwa kila kitu, ila Ailill ana fahali mweupe mwenye pembe nzuri. Medb akaenda kumtafuta fahali wa kahawia wa Cúailnge, na watu wakafa kwa maelfu.

Mwenyeji wetu ni mfugaji wa umri wa baba yangu, tuliyeelekezwa kwake. Alitufikisha kwenye shimo lililo chini ya ua wa miiba, pembezoni mwa njia ya matrekta. Oweynagat, Pango la Paka. Mlango wake ni mdogo kuliko meza ya kulia chakula. Ukichuchumaa na kumulika juu unaona mistari imekatwa kwenye ukingo wa jiwe la juu: ni ogham, maandishi ya kale zaidi ya Kiayalandi, mikwaju mifupi kama hesabu za muuza samaki ukutani. Yanasema "ya Fráech, mwana wa Medb." Nilisoma jina hilo kwa kidole nikiwa nimepiga magoti kwenye tope.

Tuliingia kinyumenyume, miguu kwanza. Tope lilikuwa laini, zito, linavuta kiatu. Ndani pango linainuka, unaweza kusimama, ukuta wa chokaa unatiririka maji. Mfugaji akatuambia tuzime tochi. Nimelala vijijini kwetu usiku usio na mwezi, nikidhani giza nalijua. Giza hili lilikuwa jingine.

Hapo hapo gizani akatusimulia habari za Nera, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anasimulia habari za jirani. Usiku wa Samhain, mwisho wa Oktoba, ambapo milango ya vilima hufunguka, Ailill aliahidi zawadi kwa atakayethubutu kutoka nje na kufunga kitanzi cha fito mguuni mwa maiti iliyotundikwa. Nera akaenda. Maiti ikamwambia ina kiu, akaibeba mgongoni kuitafutia maji. Aliporudi akaona ngome inaungua na vichwa vya watu wake vimekatwa. Akalifuata jeshi lile hadi ndani ya pango hili, akaishi humo, akaoa humo. Mkewe ndiye aliyemwambia: uliyoyaona hayajatokea bado, yatatokea Samhain ijayo usipowaonya, rudi, utawakuta wamekaa kuzunguka chungu kile kile. Atawaaminishaje? Akachuma vitu vya kiangazi ambavyo huko nje, mwanzo wa baridi, havipo: kitunguu saumu cha mwituni, maua ya primrose, na majani ya kangaga ya rangi ya dhahabu. Akatoka navyo mkononi.

Watawa waliokuja baadaye waliliita pango hili mlango wa jehanamu wa Ayalandi. Ila waliokiandika kisa cha Nera nao walikuwa watawa, na ndio walioandika karibu yote tunayoyajua ya miungu hii. Waliogopa na bado wakaandika. Nawashukuru.

Tulipotoka, macho yakiuma kwa mwanga, nikaona kitu shambani. Mistari miwili ya miti mikubwa imeanguka yote. Katikati ya malisho kimebaki kichaka kimoja cha miiba, kifupi, kimepinda kuelekea mashariki. Wenyeji huuita mti huo sceach. Ukiota peke yake ni wa Aos Sí, watu wa vilima. Hao si vitoto vyenye mabawa vya kwenye kadi. Ni wale miungu wa kale, Tuatha Dé Danann, walioshindwa vita wakahamia chini ya ardhi. Mtu mzima hapa hawataji kwa jina. Atasema "watu wema", au atasema "wao" tu. Kwetu nako, ukipita mzimuni na marehemu bibi yangu, alikuwa anasema "wenyewe" na kushusha sauti.

Alama za trekta zilikizunguka kichaka kile, hakuna hata moja iliyokigusa.

"Unaamini?" nikamuuliza.

"Sisadiki," akasema. "Lakini siukati."

Akatukumbusha yaliyotokea Latoon, jimbo la Clare, mwaka 1999. Barabara kuu mpya ilikuwa ipite juu ya kichaka cha namna hii. Msimuliaji maarufu Eddie Lenihan akatangaza hadharani kwamba hapo ndipo watu wa vilima wa Munster, kusini, hukutana wakienda kupigana na wa Connacht, na atakayekikata atasababisha vifo barabarani. Wahandisi wakapanga upya, kichaka kikaachwa. Kipo mpaka leo, lori zinapita kando yake.

Nyumbani kwake tulikunywa chai iliyochemshwa kwenye jiko la makaa ya mboji. Mishumaa mitatu mezani. Alipotusindikiza alimpa shoga yangu mkate mzima, yeye ambaye hana umeme siku ya sita.

Ijumaa, 31 Januari. Kildare, mkesha

Njiani tuliona kilima cha Uisneach kwa mbali, kitovu cha nchi katika visa vya kale, ambako tangu 2009 watu wameanza tena kuwasha moto wa Bealtaine mwezi Mei. Hatukusimama.

Kildare maana yake ni kanisa la mwaloni. Hapa Brigid mtakatifu alianzisha nyumba yake ya watawa karne ya 5 au ya 6. Ila kamusi ya kale iliyoandikwa yapata mwaka 900 na kuhusishwa na askofu Cormac inamtaja Brigid mwingine: mungu wa kike, binti wa Dagda, aliyeabudiwa na washairi, mwenye dada wawili wenye jina lile lile, mmoja wa tiba na mmoja wa uhunzi. Wataalamu wanabishana kama mtakatifu ni mungu aliyebatizwa au ni mwanamke halisi aliyerithi sifa za jina lake. Nimeyasoma mabishano hayo. Nilipofika hapa nikaona mwenyeji hayamsumbui: Brigid ni Brigid.

Kwenye uwanja wa kanisa kuu, chini ya mnara mrefu wa mviringo, kuna msingi wa mawe wa chumba kidogo kisicho na paa. Hapo ndipo palipowaka moto wake. Padri Gerald wa Wales aliandika karne ya 12 kwamba watawa 19 waliulinda kwa zamu, usiku mmoja kila mtu, na usiku wa 20 waliuacha peke yake wakisema, "Brigid, linda moto wako." Asubuhi waliukuta unawaka. Majivu hayakuongezeka kamwe, na mwanamume hakuruhusiwa kuvuka ua uliouzunguka. Moto ule ulizimwa karne ya 16. Mwaka 1993 masista wa Brigid waliuwasha tena hapa mjini, wakauhifadhi nyumbani kwao, na mwaka 2006 Rais Mary McAleese akauwasha kwenye mnara wa uwanja wa soko. Sisi tunaofanya kazi za zamu za usiku tuliisikia habari ile kwa namna yetu. Shoga yangu alihesabu kwa vidole: kumi na tisa, kisha Brigid mwenyewe. "Hata yeye ana zamu," akasema, na machozi yalimlengalenga.

Tumefikia kwa mama wa mwenzetu wa kazini. Amezaliwa Donegal, ana miaka themanini na ushei, mikono yake mikavu na myepesi. Alikuwa ametutafutia majani ya luachair, mafunjo membamba ya kijani yanayoota penye maji. Hayakatwi kwa kisu, hung'olewa kwa mkono. Akatandaza gazeti mezani, akaanza kutufundisha kusuka msalaba.

Unashika jani moja wima. La pili unalikunja katikati, unalipitisha kwenye la kwanza, unalibana kwa dole gumba. Unageuza robo mzunguko. Jingine unalikunja juu ya hayo mawili, unabana, unageuza. Kazi yote iko kwenye dole gumba: ukilegeza mara moja, yote yanafumuka. Katikati hujengeka mraba mdogo, kama jicho, na mikono minne inatoka kila mmoja ukielekea kwake. Utomvu wa majani unanukia tango. Mimi nimekua nikimwona bibi yangu akisuka ukili wa mikeka sebuleni, na vidole vyangu viliijua kazi kabla sijaielewa. Mama mwenyeji akaona. Akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akanisogezea majani mengine. Msalaba hupigiliwa juu ya mlango, kuikinga nyumba na moto; paa la jikoni kwake lina misalaba ya miaka mingi, ya zamani imekuwa kahawia kama tumbaku.

Giza lilipoingia akasema sasa Brigid abishe hodi. Desturi ya kwao ni msichana wa nyumba kutoka nje na fungu la majani. Msichana hayupo, wajukuu wako Australia, hivyo alinitazama mimi. Nikatoka. Baridi ilinikata masikio. Nikagonga mlango, nikasema maneno aliyonifundisha, ambayo kwa lugha yetu ni haya: "Pigeni magoti, fungueni macho, mpisheni Brigid aingie." Ndani wakaitikia, sauti yake ya kizee na ya shoga yangu: "Karibu, karibu, bibi mtukufu." Mara tatu. Ya tatu mlango ukafunguliwa na mwanga wa jikoni ukanimwagikia. Tukala viazi vya kuponda na kabichi, katikati kumechimbwa kishimo cha siagi.

Baadaye akaleta kitambaa chake, akauliza nani ana chake. Nikatoa skafu. Shoga yangu akanivuta pembeni, akanong'ona kwa Kiswahili:

"Mwenzangu, hii si shirki?"

Sote ni Waislamu, na swali lilikuwa la haki. Nilikuwa nimejiuliza wiki nzima.

"Skafu si yangu," nikamwambia. "Ni amana. Mwenyewe kaagiza ikae nje."

Akanyamaza. Kisha akachukua vibanio viwili vya nguo mezani, akanipa. "Upepo usije ukaichukua," akasema.

Jumamosi, 1 Februari. Kisimani

Alfajiri, kabla ya jua, nikaitoa. Ilikuwa ngumu kama karatasi kwa baridi, maua ya samawati yamepata unga mweupe. Mama mwenyeji alikipokea chake kwa mikono miwili, akakipitisha usoni.

Leo ni siku ya Brigid, na ni Imbolc, mwanzo wa machipuko kwa hesabu ya zamani, kondoo wanapoanza kutoa maziwa. Sikukuu ya taifa ya kupumzika kazi itakuwa Jumatatu. Imewekwa tangu 2023, ya kwanza nchini kupewa jina la mwanamke.

Kwenye kisima cha Tully, nje kidogo ya mji, tulikuta makundi mawili. Wazee wa parokia na rozari zao walitembea kutoka jiwe hadi jiwe. Upande wa pili wa maji walisimama watu kama kumi na wawili wenye majoho ya sufu, wanaojiita wapagani bila kuona haya, wakiimba kwa Kiayalandi. Kila kundi lilingoja jingine limalize kabla ya kuteka maji.

Nilizungumza na mwanamke mmoja wa kundi la pili. Alilelewa Mkatoliki, akaondoka kwa sababu alizonitajia na ambazo sitaziandika. Upagani huu wa sasa si ule wa kale uliojificha vichakani, na yeye mwenyewe alilisema hilo wazi. Duara la sikukuu nane ambalo wengi hulifuata lilipangwa Uingereza katikati ya karne ya 20. Vitabu vya Ayalandi vinajua nne: Samhain, Imbolc, Bealtaine na Lughnasa. Ushirika wa Isis, mungu wa kike wa Misri ya kale, mmoja wa mikubwa ya wapagani hawa, uliasisiwa mwaka 1976 na Olivia Robertson, kaka yake na mke wa kaka yake katika ngome yao ya Clonegal, jimbo la Carlow, na hekalu lao liko kwenye vyumba vya chini vya ngome ile. Siku hizi wapo wapagani wenye idhini ya serikali kufungisha ndoa, na maharusi hufungwa mikono kwa utepe.

Wapo wanaosema hayo ni maigizo. Mimi siwezi kusema hivyo. Mwanamke yule hunyanyuka kila mwezi kuja kusafisha kisima hiki, kuondoa nailoni mitini kwa mkasi na kuacha pamba. Mama wa rozari alinithibitishia: "Bila hao vijana pangekuwa jalala."

Jumapili, 2 Februari. Tara

Tulikuwa kileleni mwa kilima cha Tara saa mbili kasoro, jua bado halijachomoza. Duma na nGiall, kaburi la ujia lenye umri unaokaribia wa Newgrange, hupokea jua la asubuhi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Februari. Watu kama thelathini, watoto kwenye mablanketi, mbwa wawili. Saa mbili na dakika kumi mawingu yalibaki pale pale. Mtu mmoja akapiga ngoma ya mkono hata hivyo. Tukaligusa jiwe la Lia Fáil, lililokuwa likilia mfalme wa haki akilikanyaga, na ambalo wahuni waliliharibu mwaka 2012 na tena 2014. Tukarudi Dublin.

Jumatatu, 3 Februari. Kazini

Siku ya mapumziko kwa wengine. Mimi zamu ya asubuhi. Msalaba nimeupigilia juu ya mlango wa bibi, kwa ruhusa ya msimamizi. Skafu nilimkabidhi akiwa kitini, karibu na dirisha. Aliinusa. Akaniuliza ilikuwa wapi, nikamwambia: kwenye kamba ya nguo, nyuma ya nyumba, Kildare, usiku kucha, na asubuhi ilikuwa imeganda.

"Nifunge," akasema, akiinamisha kichwa.

"Bibi, kichwa kinakuuma?"

"Hakiniumi. Nifunge tu."

Nikaipitisha nyuma ya masikio yake, nikafunga fundo chini, si la kubana sana.